Uzi: Roki progresivu ya Italia juu ya kengele ya vipigo 12, inakaaje bila kuyumba?

Fidla_na_Ngoma (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaopiga na wanaorekodi. Mazungumzo mengi kuhusu roki progresivu ya Italia (roki ya nyimbo ndefu na mita zinazobadilika) huishia kwenye majalada ya sahani na majina ya bendi. Hapa naomba tuingie jikoni kabisa: muziki ule wa Milano, Roma na Napoli wa miaka ya 1970 ukikutana na midundo ya Kiafrika, unashikanaje?

Kwa asiyeijua njia hii: bendi ya Area iliundwa Milano mwaka 1972, na mwimbaji wao Demetrio Stratos alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1945, kwa wazazi Wagiriki. Bendi ya Aktuala ya Walter Maioli, ya Milano pia, ilitoa sahani tatu (1973, 1974 na 1976) zenye ala za Afrika na Asia kuliko gitaa la umeme. Napoli kulikuwa na Napoli Centrale ya mpuliza saksafoni James Senese, mtoto wa mama wa Kinapoli na askari Mmarekani mweusi, na kulikuwa na Tony Esposito, mpiga ngoma aliyebeba kalimba (ala ya Kiafrika ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba) hadi kwenye muziki wa pop mwaka 1984. Kwa hiyo ndoa hii haikufungwa jana.

Tatizo ninalolisikia kwenye kazi za sasa ni moja: wimbo unamalizwa wote, dramu, besi, kinanda cha Hammond, sauti, halafu mpiga tumba anaitwa siku ya mwisho apake rangi. Matokeo yake unasikia bendi mbili ndani ya chumba kimoja. Wenye ujuzi, tuanzie wapi?

---

Kengele_Mbili

Mkuu, anzia kwenye kengele, na anzia Italia ya kusini badala ya Milano.

Tarantella ya Calabria na pizzica ya Salento, ngoma za kucheza za huko kusini, zinahesabiwa kwa mapigo makuu ambayo kila moja lina vipigo vidogo vitatu. Ukichukua mapigo makuu manne unapata vipigo 12. Kengele ya Waewe wa Ghana na Togo, ile ya agbadza (ngoma yao ya kucheza), nayo ina duru ya vipigo 12. Hapo ndipo pa kukutania. Huna haja ya kulazimisha kitu, uwanja ni mmoja tayari.

Iandike hivi kwenye karatasi, kila alama ni kipigo kimoja:

Kengele: x . x . x x . x . x . x
Tarantella: X . . X . . X . . X . .

Kengele inagonga 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Tari la tarantella linapiga vyote 12, ila uzito wake uko 1, 4, 7 na 10. Sasa tazama vizuri: kengele na uzito wa tarantella vinakutana mara mbili tu kwenye duru nzima, kipigo cha 1 na cha 10. Kwenye cha 4 na cha 7 kengele iko kimya. Hicho ndicho kiini cha jambo zima. Muitalia anakanyaga mahali ambapo kengele imeacha shimo, na kengele inagonga mahali ambapo yeye ameinua mguu. Ukiwaacha wote wawili wafanye kazi zao unapata mvutano mtamu. Ukimwambia mmoja amfuate mwenzake, umeua wimbo.

Zoezi: kanyaga kwa mguu 1, 4, 7, 10, na mkono ugonge kengele. Mwendo uwe wa polepole, mapigo makuu 60 kwa dakika. Usipandishe mpaka uweze kuongea sentensi kamili huku unapiga. Mwimbaji naye apitie zoezi hili, maana asipojua 1 iko wapi ataingia kwenye 12 na kuivuta bendi yote.

---

Snea_Kavu

Naongezea upande wa dramu, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapovunjika.

Mpiga dramu wa roki akipewa mapigo makuu manne, mkono wake unakwenda wenyewe kuweka snea (ngoma kavu ya dramu) kwenye la pili na la nne. Kwa hesabu ya Kengele_Mbili hayo ni kipigo cha 4 na cha 10. Cha 10 kina kengele, cha 4 hakina. Kwa hiyo snea moja inasikika nene na nyingine nyembamba, na wimbo unachechemea mithili ya mtu aliyevaa kiatu kimoja. Mafundi wengi hudhani ni tatizo la sauti, wanaongeza nguvu kwenye snea ya kwanza. Hata ukiiongeza, kilema kinabaki palepale, kwa sababu hakikuanzia kwenye sauti.

Dawa ni kuweka snea moja tu kwa duru, kwenye kipigo cha 7. Hapo kengele iko kimya, snea inapata nyumba yake peke yake, na kiki (ngoma kubwa ya mguu) inakaa kwenye 1. Hai-hati (visahani viwili vinavyofungwa kwa mguu) usiipige vipigo vyote 12, maana itafunika kengele. Ifunge kwenye 4 na 10 kwa mguu tu, basi. Ukifika kwenye kipande cha kishindo ambapo kinanda na gitaa vinakimbia pamoja, unaweza kurudisha snea mbili, lakini hapo kengele ipumzike.

---

MpwaniHalisi

Swali dogo kwa Kengele_Mbili. Kwa sisi wa Pwani, hii ya mguu kukanyaga kwa tatu na mkono kwenda kwa mbili ndiyo chakacha kabisa. Vumi, msondo na chapuo zinafanya kazi hiyohiyo ya kuvutana. Kwa nini tuende Ghana kuazima kengele?

---

Kengele_Mbili

Ndugu yangu MpwaniHalisi, uko sahihi kwamba sikio la chakacha linaingia hapa bila shida, na mpigaji aliyekulia kwenye chakacha ataishika agbadza upesi. Nimechagua kengele ya Waewe kwa sababu moja ya kiufundi: ina mstari mmoja usiobadilika ambao bendi nzima inaweza kuuandika na kuuhesabia. Chakacha imejengwa kwa ngoma zinazojibizana, mpangaji wa muziki atalazimika kuchagua ngoma ipi iwe dira. Inawezekana, ila ni kazi nyingine.

Na nisisitize jambo: tukisema "mdundo wa Kiafrika" tutaje ni wa nani. Agbadza ni ya Waewe. Chakacha ni ya Pwani ya Waswahili. Kwa Area, mvuto mwingi ni wa Balkani na ulimwengu wa Kiarabu kuliko Afrika ya kusini mwa Sahara. Mtu akichanganya vyote na kuviita "Afro" hataweza kumwelekeza mpigaji chochote.

---

Saba_kwa_Nane

Haya, tuje kwenye lililonileta. Roki progresivu bila mita za kukatika (hesabu zisizo za kawaida, kama saba) ni roki tu. Nikiwa na kinanda kinachopiga vipande vya vipigo saba, na kengele ya 12 inaendelea chini yake, nitakutana nayo wapi?

---

Fidla_na_Ngoma

Mkuu, kwa hesabu tupu: saba mara 12 ni 84. Vipande 12 vya saba vinalingana na duru saba za kengele. Mtaanza pamoja, mtaachana, na mtakutana tena kwenye kipigo cha 85. Mwendo ukiwa mapigo makuu 120 kwa dakika, kipigo kimoja kidogo ni sehemu ya sita ya sekunde, kwa hiyo safari yote ni sekunde 14.

Inapendeza ikitumika mara moja, au mbili kwa wimbo mzima. Zaidi ya hapo msikilizaji anaacha kungojea makutano, na ukiacha kungojea, makutano hayana utamu. Kosa la kawaida ni mpiga kinanda kuanza kupendelea kengele katikati ya safari, akavuta kipande kimoja kikawa vipigo vinane ili "kiingie". Kuanzia hapo hamtakutana kamwe. Ahesabu vipande vyake 12 na masikio yake yabaki kwa besi, ambaye lazima naye awe upande wa saba.

---

Kengele_Mbili

Kuna njia nzuri zaidi ya hiyo, na imo ndani ya kengele yenyewe.

Tazama nafasi kati ya mlio na mlio: 2-2-1-2-2-2-1. Ikate baada ya ile 1 ya kwanza. Upande wa kushoto una vipigo vitano (2-2-1), wa kulia una saba (2-2-2-1). Kengele yenyewe ni tano na saba! Kwa hiyo ukitunga rifu (kifungu kifupi kinachorudiwa) ya tano ikifuatiwa na saba, unapata ule mkatiko wa Kiitalia, na mnakutana kila duru, bila kungoja sekunde 14.

Lakini mgawanyo wa ndani ndio unaoamua. Tano ipige kama 2+3, na saba kama 2+2+3. Mikazo yako itaangukia 1, 3, 6, 8 na 10. Angalia juu kwenye mchoro, yote mitano ina kengele. Ukiigeuza tano ikawa 3+2, mkazo wa pili unaangukia kipigo cha 4, ambapo kengele imenyamaza na mguu wa tarantella umekanyaga. Ghafla rifu yako inaonekana iko upande wa mguu, na mvutano unayeyuka. Kipigo kimoja tu, na wimbo mzima umebadilika tabia. Mpiga besi na mpiga kinanda wakae chini waimbe "ta-ka, ta-ka-ta, ta-ka, ta-ka, ta-ka-ta" mpaka iwe kama jina lao.

---

Saba_kwa_Nane

Aisee. Nimeichora. Kumbe saba ya 2+2+3 inakaa kwenye kengele bila kugusana na 4 wala 7. Asante sana mkuu. Gitaa la rizimu lifanye nini sasa? Likipiga rifu pia panajaa.

---

Kengele_Mbili

Lipe kazi ya kaganu, ile ngoma ndogo ya Waewe. Yenyewe inaliacha pigo kuu lipite, kisha inajibu kwa mbili: 2-3, 5-6, 8-9, 11-12. Gitaa safi, lisilo na mkwaruzo, nyuzi tatu za juu, kiganja kikiziba nyuzi mara baada ya kupiga. Sauti ikining'inia hadi kwenye pigo kuu, snea yako ya 7 inapoteza makali.

---

Fundi_Mitambo

Wadau wa kompyuta, jambo linalowapotezea watu siku nzima: programu nyingi za kurekodi zinasoma mwendo kwa noti ya robo ya kawaida, hata ukiwa umeweka 12/8 (mita ya vipigo 12). Wewe unataka mapigo makuu 120, yenye vipigo vitatu kila moja. Ukiandika 120 utapata mapigo makuu 80 na wimbo utakuwa umelala. Andika 180. Kanuni: zidisha mwendo unaotaka mara moja na nusu.

Kliki (mlio wa kuhesabia mwendo) isiwe ile ya tiki-tiki nne. Rekodi kengele halisi kwanza, mtu apige dakika zote za wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, kliki akiwa nayo masikioni mwake peke yake. Wengine wote wafuate kengele hiyo. Usirekodi duru moja ukairudiarudia kwa kunakili. Mpigaji mzuri husogeza milio fulani kidogo sana kadiri wimbo unavyopanda, na ukinakili unagandisha pumzi moja kwa dakika nane.

Mwangwi wa gitaa na sauti: kwa mwendo huo, kipigo kidogo ni milisekunde 167. Ukiweka 500, mwangwi unaangukia mapigo makuu. Ukiweka 333, unapata sita juu ya nne, na huo ndio ninaoupenda kwenye fidla na filimbi, kwa sababu unasukuma upande wa kengele. Epuka 250 na 375. Ni thamani zilizozoeleka kwenye nyimbo za nne-nne, na hapa zinaangukia katikati ya vipigo. Msikilizaji hatajua kwa nini, atasikia tope tu.

---

Vinanda_vya_Zamani

Nami niseme ya vinanda, maana bila Hammond na Mellotron si roki progresivu ya Italia ile tunayoipenda.

Mellotron M400 ina vitufe 35, na kila kitufe kinavuta mkanda wake wa sauti wa takriban sekunde nane. Mkanda ukiisha, sauti imeisha, mpaka uachie kitufe urudi mwanzo. Kwa mwendo wa 120, duru moja ni sekunde mbili, kwa hiyo kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja) haiwezi kuvuka duru nne. Panga mabadiliko ya kodi kila duru mbili au nne. Jambo la pili, fidla za mkanda huchelewa kujaa. Ukizitaka zisikike kwenye 1, bonyeza kwenye 12. Kengele inagonga 12, kwa hiyo una alama ya kuibonyezea. Anayetumia sauti za Mellotron kwenye kompyuta atakutana na uchelewaji huohuo, maana zimerekodiwa kutoka kwenye mikanda.

Hammond kupitia spika ya Leslie, ile yenye pembe inayozunguka, ina mtego mwingine. Pembe ya juu ikizunguka kwa kasi inakwenda takriban mizunguko 400 kwa dakika, yaani karibu 6.7 kwa sekunde. Vipigo vyetu ni sita kwa sekunde. Vimekaribiana mno bila kulingana, kwa hiyo mtetemo wa Leslie unasikika kama manyanga ya mtu asiyejua mwendo. Weka mzunguko wa polepole kwenye beti zote. Fungua kasi pale tu ngoma zinaponyamaza, au kwenye kodi ndefu ya mwisho.

Kwa kalimba (au ilimba ya Wagogo, ukiwa nayo): vinanda viifuate yenyewe. Kupandisha sauti ya ulimi unausukuma ndani ili sehemu inayotetema iwe fupi, kushusha unauvuta nje. Ukizisogeza ndimi zote ili zilingane na kinanda, zile za pembeni hulegea na kuanza kuparuza. Ni rahisi zaidi kuzungusha kitufe cha Mellotron robo duara. Na vile visahani au shanga za kuvumisha usizitoe. Ule mvumo ndio unaoifanya isikike juu ya bendi ya umeme. Ukisumbua, punguza kidogo juu ya hezi 8,000, uache uliobaki.

---

MpwaniHalisi

Na tari la Kiitalia, tamburello? Kwa macho ya Mpwani hilo ni tari letu lenye visahani vya bati, lakini kila nikisikiliza kazi za mchanganyiko huu linaua kengele.

---

Fundi_Mitambo

Linaua kwa sababu visahani vyake vinalia eneo lilelile la juu ambako kengele na kibuyu cha shanga vinaishi. Kwanza, ziba nusu ya visahani kwa utepe wa karatasi, kimoja ndiyo kimoja hapana. Pili, maikrofoni isielekezwe kwenye fremu. Iweke nyuma ya ngozi, sentimita 30 hivi, ili uchukue kidole gumba na kiganja kuliko bati. Tatu, kwenye kumiksi, peleka tari kushoto na kengele kulia, zisikae mlango mmoja.

Ngozi ya mbuzi hulegea hewa ikiwa na unyevu, na chumba cha kurekodi chenye watu sita kinapata unyevu ndani ya saa moja. Mashine ya kukaushia nywele, ukiishika mbali kama urefu wa mkono mmoja na kuizungusha, inatosha kwa dakika mbili. Karibu zaidi ya hapo utaipasua ukingoni.

Chini nako kuna vita. Uzi wa chini wa besi ni hezi 41, na ngoma kubwa za mkono zinajaza kati ya 60 na 100, mahali ambapo kiki nayo inataka kukaa. Tatu hazienei. Kwenye beti, toa kiki kabisa, ngoma kubwa ishike kazi hiyo. Kwenye kishindo, rudisha kiki na ukate ngoma kubwa chini ya 90. Besi isipige kwenye 7, hapo ni pa snea.

---

Snea_Kavu

Naunga mkono kuhusu besi. Wengi wanamwachia besi ashuke kwenye 7 "kuipa uzito", halafu wanashangaa snea imekuwa kama gunia.

---

Fidla_na_Ngoma

Wakuu, mmenifungua. Nipange mfuatano kwa anayetaka kuanza wiki hii, mnisahihishe. Kengele dakika zote, ngoma ya mkono, kisha besi na kinanda wakiwa na rifu ya tano na saba, kisha gitaa la kaganu. Dramu baada ya hapo. Mellotron na sauti mwisho. Fidla inaongoza, na safari moja ya vipigo 84 katikati, karibu dakika ya tano.

---

Kengele_Mbili

Mfuatano uko sawa, ila dramu na ngoma ya mkono warekodi siku moja, chumba kimoja, wakitazamana. Mpiga dramu akirekodi peke yake atajaza mashimo ambayo mwenzake ameyaacha kwa makusudi.

Na mwisho wa wimbo uuangalie. Bendi za roki hufunga kwa kishindo kwenye mlio wa mwisho wa duru, yaani 12. Kwa kengele hii 12 ni mlango wa kuingilia, inakupeleka kwenye 1. Ukifunga hapo watu wanabaki na mguu hewani. Piga 12, kisha wote kwa pamoja 1, na kengele iachwe ilie mpaka iishe yenyewe.

---

Saba_kwa_Nane

Nimelipata hilo la 1. Kesho tuna mazoezi, naanza na mguu na kengele kwa mwendo wa 60.